SOMO: Diski ya nje ijimaunti yenyewe kwenye Linux, na kompyuta iwake hata ukiisahau diski nyumbani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Suala hili nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa ujumbe wa sauti, na juzi nimelijibu nimesimama soko la Darajani na mfuko wa samaki mkononi. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Diski yangu ya nje ni ya TB 2, nimeigawa patisheni (vipande) tatu, kila moja na mfumo wake wa faili, yaani namna ya kupanga faili: moja NTFS, kwa kuwa wateja wengi wako Windows, moja ext4 ya nakala za akiba, moja exFAT ya kupelekea kazi wenye Mac. Ukichomeka diski kama hii, Linux nyingi zitakuonesha ikoni, unabonyeza, inafunguka. Kwa mwenye kusoma faili mbili tatu yatosha. Kwangu haitoshi, maana programu ya kuhariri inakumbuka kila klipu ilipokuwa, na patisheni isipokuwa imemauntiwa (imeunganishwa kwenye folda) pale pale pa jana, harusi nzima inageuka alama nyekundu za "faili haipo".

Hatua ya 1. Chomeka diski, fungua teminali, andika:

`lsblk -f`

Yangu inaonesha hivi:

```
sdb1  ntfs   ARUSI   5E2A0C1D2A0BF3C7
sdb2  ext4   AKIBA   9b1f6c2e-40d7-4c1a-8e55-d20a7f3b6e91
sdb3  exfat  SAFARI  4A1B-77C2
```

Nakili ile UUID ya mwisho, ndiyo kitambulisho cha patisheni, usinakili sdb1. Hiyo sdb ni nafasi kwenye foleni tu: ukiwasha kompyuta na flashi imechomekwa, flashi inaweza kuwa sdb na diski yako ikasukumwa ikawa sdc. UUID imeandikwa ndani ya patisheni yenyewe na inabaki mpaka uifomati upya. Usishangae urefu wake kutofautiana, kila mfumo wa faili una mtindo wake.

Hatua ya 2. `sudo mkdir -p /mnt/arusi /mnt/akiba /mnt/safari`. Hizi ndizo folda ambazo patisheni zitamauntiwa. Usizitie chini ya /media/jina-lako, huko zile ikoni zinaunda folda na kuzifuta zenyewe.

Hatua ya 3. `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`. Hiyo fstab ndiyo faili inayoiambia Linux imaunti nini na wapi, hapa tunaiwekea nakala.

Hatua ya 4. `sudo nano /etc/fstab`. Faili itafunguka uihariri. Mistari iliyopo usiiguse. Shuka chini kabisa, uongeze yako, kila patisheni mstari mmoja:

```
UUID=5E2A0C1D2A0BF3C7 /mnt/arusi ntfs-3g defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s,uid=1000,gid=1000,umask=022 0 0
UUID=9b1f6c2e-40d7-4c1a-8e55-d20a7f3b6e91 /mnt/akiba ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s 0 2
UUID=4A1B-77C2 /mnt/safari exfat defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s,uid=1000,gid=1000,umask=022 0 0
```

Nambari 1000 ni ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta. Yako utaiona kwa amri ya `id`. Baina ya koma na neno linalofuata pasiwe na nafasi hata moja. Ukiacha nafasi, mfumo unadhani umehamia safu nyingine na mstari wote unaharibika.

Sasa hapa kwenye nofail naomba mnisikilize vizuri. Mwanzo sikuitia. Niliandika mistari yangu, nikaendesha `sudo mount -a`, patisheni zote tatu zikaja. Nikazima, nikawasha, zikaja tena. Nikaridhika. Wiki mbili baadaye nikapanda boti kwenda Pemba kurekodi harusi, diski nikaiacha mezani Unguja kwa sababu kule nilihitaji laptopu tu, niwaoneshe wenyewe kipande cha siku ya hina. Niko Chake Chake, sebuleni kwa watu, kina mama wameshakaa mkekani wanasubiri. Nawasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja: "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/5E2A…", na pembeni sekunde zinahesabu kuelekea 90. Zilipofika, ikatoka "You are in emergency mode". Nikabonyeza Enter, ikanambia akaunti ya ruti (msimamizi mkuu wa mfumo) imefungwa, ikarudi pale pale. Nimezima na kuwasha mara sita. Kina mama wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, na mama wa bwana harusi akaniletea chai akanambia, "Usijali mwanangu." Ile chai sikuweza kuinywa.

Sababu yake ni hii. systemd, inayosimamia uwashaji, inauhesabu kila mstari wa fstab kuwa ni wa lazima. Diski isipoonekana inangoja sekunde 90, kisha inakataa kuendelea, kwa sababu haijui kwamba hiyo ni diski ya harusi wala si sehemu ya mfumo wenyewe. nofail ndiyo inayoiambia: ikiwepo imaunti, isipokuwepo endelea. Ile 15s inafupisha kungoja. Msiiteremshe chini ya hapo kwa diski kubwa zenye adapta yake ya umeme, zinachelewa kuanza kuzunguka.

Na kama umeshakwama kama nilivyokwama mimi, usifomati kitu. Washa huku umeshikilia Shift, au ukigonga Esc, mpaka itoke menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha. Bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake kabisa, baada ya quiet splash, uongeze nafasi kisha `init=/bin/bash`. Bonyeza Ctrl na x. Utapata teminali tupu ya ruti. Andika:

```
mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
```

Tia alama ya # mwanzo wa mistari uliyoongeza, hifadhi, kisha `sync`, kisha `reboot -f`. Amri ya kwanza usiiruke, bila hiyo nano itakataa kuhifadhi. Mimi haya nilisomewa kwa simu na rafiki yangu wa Unguja saa sita za usiku, herufi kwa herufi.

Hatua ya 5. Kagua, halafu jaribu:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
```

Masomo mengi yanaishia hapo, na mimi ndipo nilipoishia siku ile. `mount -a` ukiwa umechomeka diski inakuhakikishia upande mmoja tu. Jaribio lenyewe ni hili: zima kompyuta, chomoa diski, washa. Ikifika kwenye skrini yako ya kila siku, umemaliza. Lifanyeni hili nyumbani, siku ambayo hamna mtu anayewangoja.

Hatua ya 6, kwa wenye NTFS. Ikiwa imemauntiwa lakini haikubali kuandikwa, kosa mara nyingi liko Windows. Windows 10 na 11 ukibonyeza kuzima hazizimi kikweli, zinalala nusu zibaki na taarifa za diski kichwani, ili ziwahi kuwaka kesho. Linux ikiona hivyo inafungua kwa kusoma tu, na inafanya vizuri, maana ingeandika juu ya hesabu ambazo Windows haijazifunga. Rudi Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, zima, rudi Linux. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, nayo inaacha alama ya uchafu kwenye patisheni. Hiyo isafishe kwa `chkdsk /f` ndani ya Windows. Kuna `ntfsfix -d` ya Linux, lakini inaondoa alama tu, haitengenezi kilichovunjika. Na popote mtakapoambiwa mtie remove_hiberfile, jueni inafuta kazi yote ambayo Windows iliilaza bila kuhifadhi.

Maswali tieni hapa chini.

---

kijana_wa_Fuoni: Nimefanya yote haikubali. Nisaidie haraka.

Jibu: Haikubali nini? Tia matokeo ya lsblk -f, mistari yako ya fstab, na ujumbe uliouona.

kijana_wa_Fuoni: Inasema mount point does not exist.

Jibu: Hatua ya 2.

Mkarafuu: Maalim, mie nilitia /dev/sdb1 na auto, ile UUID ndefu na macho yangu si mazuri. Jana ilikuwa sawa. Leo nafungua /mnt/arusi nakuta nyimbo za mtoto wangu.

Jibu: Umewasha na flashi ya mtoto imechomekwa, ndiyo imeshika sdb. Nimeliandika hatua ya 1. UUID haiandikwi kwa mkono, inanakiliwa kwa kipanya. Usihariri wala kufuta chochote humo kabla hujarekebisha.

BintiWete: Shukrani sana kaka. Nina suala la kujifunza. Mstari wa ext4 hukutia uid=1000. Mimi nilitia nikaona labda umesahau, ikakataa na "wrong fs type, bad option, bad superblock". Niliogopa, nikadhani diski imekufa. Kwa nini?

Jibu: Dada, suala zuri, na huo ujumbe umewatisha wengi. Diski yako ni nzima, neno lenye maana pale ni bad option tu. NTFS na exFAT zilizaliwa nje ya Linux, hazibebi jina la mwenye faili kwa namna ambayo Linux inaisoma moja kwa moja, kwa hivyo wakati wa kumaunti tunaiambia: zote hizi zihesabu ni za 1000. ext4 inaandika mwenyewe ndani, kwa kila faili. Haihitaji kuambiwa na haikubali kuambiwa. Ukitaka iwe yako, imaunti kwanza, kisha `sudo chown 1000:1000 /mnt/akiba`, mara moja tu, inabaki hivyo hata ukiihamishia kompyuta nyingine. Na siku nyingine ujumbe ukiwa wa jumla namna hiyo, andika `sudo dmesg | tail`. Keneli, kiini cha Linux, huwa imetaja neno lenyewe ililolikataa.

mtaalamu_Mombasa_Kwa_Mchina: Kuhangaika kote huku kwa nini? Fungua programu ya Disks ya GNOME, bonyeza, imekwisha.

Jibu: Disks nayo inaandika kwenye fstab hiyo hiyo, na inatia nofail yenyewe. Anayeipenda aitumie. Lakini laptopu ikikwama kwenye skrini nyeusi Disks haifunguki, na mimi nilikwama.

mtaalamu_Mombasa_Kwa_Mchina: Sawa, hapo nimekuelewa. Nyongeza kwa wote: inatia pia x-gvfs-show, ndiyo inayofanya patisheni ionekane pembeni kwenye dirisha la faili. Unaweza kuiandika kwa mkono vilevile.

Jibu: Ahsante, hiyo ni nyongeza nzuri. Inakwenda baada ya nofail, kwa koma.

BintiWete: Kaka, nimerudi. Nina skripti ya rsync (programu ya kunakili faili) inanakili faili zote za skuli yangu kwenda /mnt/akiba kila usiku. Sasa nofail ipo, diski nikiisahau kompyuta inawaka. Lakini jana diski ya ndani imejaa mpaka juu, na nikiangalia /mnt/akiba sioni faili za ziada. Zimekwenda wapi?

Jibu: Umegundua jambo ambalo ilinibidi nilitie kwenye somo. Diski isipokuwepo, /mnt/akiba inabaki folda ya kawaida kwenye diski ya ndani. rsync haijui, inajaza humo. Ukija kuchomeka diski, inafunika juu yake, na zile faili ziko chini huzioni. Zitazame hivi:

```
sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
ls /mnt/chini/mnt/akiba
```

Hakikisha ziko pia kwenye diski yako kabla ya kufuta, kisha `sudo umount /mnt/chini`. Kuzuia isirudi: chomoa diski, folda ikiwa tupu andika `sudo chattr +i /mnt/akiba`. Hapo hakuna kinachoweza kuandikwa humo, hata na ruti, lakini diski ikija itamauntiwa juu yake kama kawaida. Na mwanzo wa skripti yako ongeza `mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1`.

BintiWete: Nimezikuta. GB 61. Allah akulipe kheri.

Mkarafuu: Nimetia UUID, sasa sawa. Ila diski inajikata yenyewe baada ya dakika kumi na kurudi.

Jibu: Fungua `sudo dmesg -w`, acha ifanye kazi. Ikiandika USB disconnect wakati hujaigusa, fstab haina makosa. Badilisha waya kwanza, tia mfupi. Angalia pia ncha ya plagi kama ina ukungu wa kijani. Sisi tulio karibu na pwani chumvi inakula shaba. Mimi nafuta kwa pamba na spiriti, naacha ikauke, na diski naihifadhi kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu.

Mkarafuu: Ukungu upo kweli.

kijana_wa_Fuoni: Maalim, samahani kwa mwanzo, nilikuwa na haraka. Imekubali. Nikitaka kuichomoa huku kompyuta inawaka, nichomoe tu?

Jibu: Hapana ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla. `sudo umount /mnt/arusi`, vivyo hivyo na nyingine mbili, ungoje taa ya diski itulie. Ikisema target is busy, andika `sudo fuser -vm /mnt/arusi` ikuoneshe nani ameishikilia. Mara nyingi ni teminali uliyoiacha imesimama ndani ya folda hiyo. Andika `cd`, rudia umount, itaachia.