Usilipie Ugonjwa Mmoja wa Gari Mara Mbili

Nina Toyota Carina ya mwaka 1999. Kila Alhamisi inanipeleka Sikonge kufuata asali na kunirudisha Tabora mjini na madumu kwenye buti. Mwaka juzi iliunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, mara mbili ndani ya miezi mitano. Mara ya kwanza nililipa 340,000 kwa gasketi, kusawazisha hedi, oil na ufundi. Mara ya pili 310,000. Chanzo kilikuwa kifuniko cha rejeta, kitu cha shilingi 12,000. Uchungu wa zile 650,000 bado ninao, na ndio unaoniandikisha haya kwa yeyote mwenye gari la umri huo.

Anza na daftari. Langu linakaa kwenye droo ya dashibodi. Gari likiguswa tu naandika tarehe, kilomita, dalili niliyoiona kwa macho yangu, kilichobadilishwa na bei. Nilipolipitia nikakuta "kuongeza maji" mara nne kati ya gasketi ya kwanza na ya pili. Yalikuwa yanakwenda wapi? Fundi hakuuliza, na mimi sikuuliza.

Gari lilipoanza kuchemsha mara ya tatu, fundi akasema, "Mama, hii hedi tu, tufungue." Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hujafungua chochote, nionyeshe kwanza maji yanapotokea." Akachunguza hosi, akachunguza pampu, pakavu. Ndipo akaazima kifuniko cha gari lingine la aina ile ile lililokuwa pale gereji, akakifunga kwenye langu, tukaenda nalo mpaka Ipuli na kurudi. Mshale wa joto haukupanda.

Kifuniko cha rejeta kinabana presha. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya chai huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Changu kimeandikwa 0.9, ndiyo presha kinayobana, na kikiwa kizima maji ya rejeta yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Raba ikikauka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema, yanamwagikia kwenye kopo la akiba na kupotea, injini inabaki kavu. Jua la Oktoba na mzigo kwenye buti vinatosha kumaliza kazi. Kikague asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: bonyeza springi, pitisha kidole kwenye raba. Injini ikiwa ya moto usikifungue kabisa, mvuke ule unababua uso.

Na themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, usikubali itupwe. Mafundi wengi gari likichemsha wanaitoa moja kwa moja. Injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Ipime nyumbani. Yangu niliifunga uzi nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini. Imegongwa namba 82, yaani nyuzi inazoanzia kufunguka. Viputo vidogo vilipoanza kupanda pembeni mwa sufuria, kile kisahani cha katikati kikajiinua polepole, na nilipoitoa kikajifunga tena. Nzima kabisa, nikairudisha ifungwe. Maji yakichemka kabisa na bado imejifunga, hapo nunua nyingine.

Spea nyingine hapa Tabora hazipatikani, inabidi ziagizwe Dar es Salaam na kuja kwa basi. Kabla ya kutuma pesa, piga picha ya spea ya zamani pande zote, na utume pia namba ya chasisi. Carina mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana injini, na kurudisha mzigo ni nauli nyingine. Stata, altaneta, taa au mlango mimi nanunua vya mtumba. Pedi za breki, hosi, timing belti na boljointi, hapana, vipya tu. Spea iliyotolewa rudi nayo nyumbani hata kama imekufa. Utajua kama kweli ilibadilishwa.

Pesa ikiwa kidogo, anza na breki, usukani, matairi na mfumo wa maji. Shokapu zinaweza kusubiri mwezi. Rangi na redio zisubiri hata mwaka. Kila safari ya Sikonge naweka 10,000 kwenye akiba ya simu, ya gari peke yake, na hata ada ya shule haiigusi.

Kuhusu kuuza, jumlisha daftari lako la miezi 12. Mimi nimejiwekea kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ambayo mtu angenipa leo, naliachia. Chasisi ikianza kuliwa na kutu sitasubiri hesabu.

Mwaka huu niko 480,000, bado nipo ndani ya mpaka wangu. Ila wiki iliyopita gia ya rivasi imeanza kuchelewa kushika asubuhi, na gari likishapata joto tatizo linapotea. Nimeandika siku na kilomita. Jumamosi sitaliendesha kwenda gereji. Nimemwomba fundi aje nyumbani saa 12 asubuhi, gari likiwa limelala baridi, aliwashe mwenyewe.