Namna ya kuandika falsafa yako ya ualimu

Falsafa ya ualimu ni maelezo mafupi ya unachoamini kuhusu kufundisha na jinsi unavyokitenda darasani. Usianze na maneno makubwa. Anza na mtoto mmoja. Mimi nilianza na binti wa darasa la tatu ambaye hakunyoosha kidole hata siku moja. Nilimdhania mzito wa kuelewa, kumbe haoni ubaoni! Nilipomhamishia dawati la mbele akasoma sentensi nzima kwa sauti. Jioni ile nikaandika: "Kabla sijamhukumu mtoto, nikague kwanza alipokaa."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya falsafa yangu. Ya kwako itafute vivyo hivyo: andika tukio moja lililokubadilisha, kisha ujiulize kesho darasani utafanya nini ambacho jana hukukifanya. Kama jibu halionekani kwenye andalio la somo, futa, anza upya.

Wasome pia waliotangulia. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967 linalotaka kazi kama kilimo iwe sehemu ya kujifunza shuleni, ilinifanya niitazame upya bustani ya shule. Zamani nilipeleka huko wachelewaji kama adhabu. Sasa tunapimia eneo la mstatili kwenye matuta ya mchicha.

Ukurasa mmoja unatosha. Ubandike ndani ya jalada la daftari la maandalio, na kila mwisho wa muhula pigia mstari mwekundu kila ulichoahidi usikitimize.