Somo: Kusoma ini la panya dume na la jike kwenye jaribio la porifirini

Vijana wa maabara wa Kampala na Mbarara, someni hili kabla ya kushika kisu. Porifirini ni malighafi ambayo mwili hutumia kujenga hemu, ile sehemu nyekundu ya damu; ikizidi hujaa kwenye ini. Naona ripoti nyingi zinazosema "panya" tu, jinsia haitajwi, na kazi nzuri inapotea bure.

Hatua ya 1. Tenganisha madume na majike tangu siku ya kuwapokea. Dietilinitrosamini, kemikali inayoleta saratani, huwapa panya wadogo (aina ya mice, si watoto) madume uvimbe mwingi zaidi wa ini kuliko majike. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba estrojeni, homoni ya kike, hupunguza intaleukini-6, protini inayochochea inflamesheni kwenye ini, na hivyo huwakinga majike. Heksaklorobenzini, dawa ya kuua ukungu wa mbegu, hugeuza mambo: kwa panya wakubwa (aina ya rats), majike ndio hujaa porifirini, na ndio hupata uvimbe zaidi. Ukiwachanganya, wastani wako hausemi lolote.

Hatua ya 2. Chunguza chakula. Pumba za mahindi zilizoota ukungu huweza kuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo peke yake huleta saratani ya ini. Hapa kwetu hili si jambo dogo.

Hatua ya 3. Toa ini haraka, lisuuze kwa maji ya chumvi, lifunge kwa foili, liweke kwenye barafu. Mwanga huharibu porifirini.

Hatua ya 4. Zima taa zote, washa taa ya urujuanimno ya nanomita 400 hivi. Ini lenye uroporifirini (aina moja ya porifirini) nyingi hung'aa wekundu. Hapa ndipo watu hudanganyika. Utumbo ukipasuka, mabaki ya majani ya chakula nayo hung'aa wekundu ule ule. Hata machozi mekundu ya panya wakubwa si damu. Ni porifirini ya tezi iliyo nyuma ya jicho. Mkono uliogusa uso wa panya usiguse ini.

Hatua ya 5. Pima uzito wa ini na wa mwili, hesabu uvimbe, andika kila jinsia kwenye safu yake.

MASWALI

Swali, Gulu: Mwalimu, kwa nini porifirini ijae kwenye ini?
Jibu: Hemu hujengwa kwa vimeng'enya 8 vinavyopokezana. Heksaklorobenzini hukwamisha cha 5, kwa hiyo kilichotengenezwa kabla yake hurundikana. Madini ya chuma huzidisha hali hiyo.

Swali, Soroti: Binadamu je?
Jibu: Ndiyo, dada. Uturuki, miaka ya 1950, watu walikula ngano ya mbegu iliyotiwa dawa hiyo. Ngozi zao zilitoka malengelenge juani na mkojo ukawa mwekundu.

Swali, Mbarara: Mwalimu, majike wana mzunguko wa uzazi wa siku 4 au 5. Si bora nitumie madume pekee?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kwa heksaklorobenzini utakuwa umewaacha nje wale wanaougua zaidi. Chukua ute wa uke kwa pamba laini, utazame kwa hadubini, uandike siku ya mzunguko kwenye daftari. Kwa jaribio la miezi mingi, mzunguko wenyewe hautakusumbua sana.