Kurudi Mbioni Baada ya Kukaa Muda Mrefu Bila Mazoezi

Mtu aliyezoea kukimbia, kisha akakatishwa na malaria, uzazi, jeraha, safari za kikazi au mvua za masika, hurudi barabarani na hofu kwamba jasho lote la miaka iliyopita limepotea bure. Dakika kumi za mwanzo huizidisha hofu hiyo, kwa kuwa pumzi humkatikia kwenye kilima kidogo alichokuwa akikipanda huku akipiga soga. Hata hivyo, hatari kubwa haimo katika siku hizo ngumu. Imo katika wiki ya nne au ya tano, pumzi ikiwa imesharudi na mwili umekuwa mwepesi, ilhali kano na mifupa bado havijawa tayari kubeba kazi ya zamani.

Inafaa kwanza kujua kinachopungua. Katika siku chache za mwanzo hupungua plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, na kwa sababu hiyo moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo na hulazimika kupiga haraka zaidi hata kwa mwendo ule ule. Utafiti wa Edward Coyle na wenzake, uliochapishwa mwaka 1984, uliwafuatilia wanamichezo wenye stamina kubwa walioacha mazoezi kabisa kwa siku 84. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, ukafika asilimia 16 chini ya kiwango cha awali siku ya 56, kisha ukatulia hapo. Vimeng'enya vinavyoiwezesha misuli kutumia oksijeni vilipungua sana, lakini mishipa midogo ya damu iliyoota ndani ya misuli kwa miaka ya mazoezi ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Hii ni sababu mojawapo ya mkimbiaji wa zamani kurudisha uwezo wake upesi kuliko mtu anayeanza, na mapumziko ya wiki moja au siku kumi hayastahili kumkosesha mtu usingizi.

Mtego umo katika mpangilio wa kurudi. Plazima huongezeka ndani ya wiki moja au mbili za mazoezi mepesi, misuli hufuata kwa wiki kadhaa, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Mfupa uliopewa mzigo mpya huanza kwa kuondoa sehemu zake zilizochoka kabla ya kujaza nyingine, na katika kipindi hicho cha katikati huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Anayeongeza kilomita kwa kusikiliza pumzi peke yake huukuta mfupa katika hali hiyo, na nyufa ndogo za ugoko au za unyayo huanzia hapo.

Kabla ya kuanza, zingatia kilichokusimamisha. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo anayetoka kuugua anaweza kuwa hana homa tena lakini bado ana upungufu wa damu unaomfanya ahisi miguu mizito. Kipimo cha himoglobini, yaani kiasi cha kibeba oksijeni katika damu, hufanyika katika zahanati nyingi, nami naona ni busara kukifanya kabla ya mazoezi yoyote yanayozidi kutembea. Mama aliyejifungua asikimbie hadi apite angalau miezi mitatu, na aanze kwa kutembea na kuimarisha misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kwa chini. Akiona mkojo unamtoka au anahisi uzito chini ya tumbo anapokimbia, asimame na kumwona mtaalamu. Mkimbiaji wa Kenya Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akapata medali ya fedha ya mita 1500 katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, kisha akatetea dhahabu yake ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021. Nafasi ya kurejea ipo, na hata kwa bingwa kama yeye ilipita miaka.

Ikiwa umekaa wiki mbili, anza na nusu ya umbali uliokuwa ukikimbia kwa wiki. Ikiwa ni mwezi mmoja, anza na theluthi. Ukizidisha miezi miwili, jihesabu kama mtu mpya na uanzie kwenye kutembea. Ukiweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila maumivu, kimbia dakika mbili na kutembea dakika mbili, mara sita au nane, siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja kati ya mazoezi. Punguza dakika za kutembea kidogo kidogo hadi ukimbie nusu saa mfululizo. Mwendo uwe wa kukuwezesha kumwamkia mzee unayempita barabarani, kuipokea marahaba yake na kumjulia hali bila kuvuta hewa katikati ya sentensi. Saa ya mkononi isikuamulie kasi katika kipindi hiki, kwa sababu itakukumbusha tu ulivyokuwa zamani.

Kisha huja zile wiki za hatari. Wenzako wa klabu ya jogging wanakualika Jumamosi, nawe unahisi unaweza kwenda nao mwanzo hadi mwisho. Ongeza umbali au ongeza kasi, lakini usiongeze vyote viwili katika wiki moja, na kila wiki ya nne punguza kazi ili mifupa ipate nafasi ya kujijenga. Mara tatu kwa wiki simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, inuka kwa vidole, kisha shusha kisigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi; zoezi hili huimarisha vigimbi na kano ya kisigino kuliko kujinyoosha peke yake.

Jikague kila asubuhi. Kano ya kisigino iliyokaza katika hatua za kwanza kutoka kitandani na kulegea baada ya muda mfupi inataka upunguze kilomita. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa ugoko: maumivu yaliyosambaa kwa urefu wa kiganja ni dalili ya kupunguza kazi, lakini yanayokutana na kidole mahali pamoja padogo, hasa yakiuma pia usiku, yanataka uache kukimbia na kwenda kupimwa.

Mazoea ya joto nayo hupotea. Anayerejea Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari akimbie alfajiri na azipe wiki mbili za kwanza subira, kwani mapigo ya moyo yatapanda hata kama miguu ni mizima. Barabara ya vumbi au uwanja wa nyasi hupendeza kuliko lami, ingawa uwanja wenye mashimo ni mbaya kuliko vyote kwa kifundo cha mguu.

Kasi ije mwisho, wiki nne au sita baada ya kuweza kukimbia nusu saa bila kusimama, nayo ianze kwa mbio za sekunde 20 zenye mapumziko marefu. Kuhusu mashindano, hesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe yenyewe. Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hivyo aliyeanza upya kutembea na kukimbia mwezi Desemba hana muda wa kujiandaa kwa kilomita 42, na hata 21 zitambana. Ajiandikishe kwa zile tano, na nusu marathoni aitafute katika miezi ya katikati ya mwaka.