Kumjua risiva wa chuo mapema: angalia umri na fungu lake, si yadi tupu

Wazee, hapa Mombasa tunaofuata futiboli ya Wamarekani si wengi ila tupo, na kila Aprili ikikaribia, wakati wa drafti ya NFL (timu za ligi kuu ya huko zinapochagua vijana wa vyuo), maskani swali ni lile lile, huyu risiva (mdakaji wa pasi) wa chuo atakuja kuwa mtu kweli ama ni kelele tu? Watu wanakimbilia klipu. Hakuna risiva asiyekuwa na klipu tamu bwana. Wewe anza na vitu viwili: alikuwa na umri gani alipoanza kuwaka, na fungu lake kwenye pasi za timu lilikuwa kubwa kiasi gani.

Fungu lapigwa hivi, chukua yadi (umbali aliosogeza mpira) alizopata kwa kudaka msimu mzima, gawa kwa yadi zote za pasi za timu, tachidauni (mabao ya mchezo huu) nazo vivyo hivyo, halafu zile asilimia mbili jumlisha ugawe kwa mbili, basi, kalkuleta ya simu yatosha. Wengi wanaofuatilia hesabu hizi wanasema akigonga asilimia 20 ashatokeza, wengine wakali wataka 30. Kisha uliza miaka. Ana 18 au 19, huyo moto. 20 pia yuko sawa kabisa. Lakini mtu ndo kwanza anaonekana na miaka 22, hapo mimi naanza kuuliza maswali, maana kijana wa 19 anakabwa na wanaume waliokula mazoezi ya chuo miaka minne, akiwashinda hao ana kitu, ila wa 22 akiwatesa wadogo zake ni kama mtu mzima kuingia mechi ya watoto wa mtaa.

Chukua Ja'Marr Chase, chuo cha LSU, 2019. Miaka 19, yadi 1,780, tachidauni 20. Kwotabeki wao (mrushaji wa pasi) Joe Burrow, ambaye pasi za timu karibu zote ni zake, alirusha yadi 5,671 na tachidauni 60 msimu huo, sasa piga: kama asilimia 31 ya yadi, 33 ya tachidauni, katikati 32. Na hapo jua kwamba timu hiyo hiyo ilikuwa na Justin Jefferson, naye akala yadi 1,540 na tachidauni 18! Kijana wa 19 kula fungu hilo mbele ya Jefferson, wallahi hiyo si bahati. Alipoingia Bengals ya NFL 2021 akapiga yadi 1,455 mwaka wa kwanza tu.

Sasa muweke pembeni Kevin White wa West Virginia. 2014 alipata yadi 1,447, ukitazama juu juu ni nyama tupu, lakini alikuwa na miaka 22 na msimu wa kabla yake alikuwa na 507 tu. Bears ya NFL wakamchukua wa 7 kwenye drafti ya 2015. NFL hakufunga tachidauni hata moja. Majeraha yalimwandama sana, hilo lazima lisemwe, ila alama ya kuuliza ilikuwepo tangu chuo.

Pale wengi wanapoteleza ni kwenye timu iliyojaa. Terry McLaurin, Ohio State 2018, alikuwa na yadi 701 na tachidauni 11, kwotabeki Dwayne Haskins akirusha yadi 4,831 na tachidauni 50, kwa hivyo fungu kama 18 hivi na umri ushakwenda. Kwa hesabu tupu ungemtupa. Lakini mpira alikuwa anagawana na Parris Campbell na K.J. Hill, marisiva wenzake, na Washington ya NFL walipomchukua raundi ya tatu ya drafti akaanza na yadi 919. Kwa hivyo fungu likiwa dogo, kabla hujamfuta mtu fungua orodha ya timu uone alikuwa anagombania mpira na kina nani, na kama wenzake nao wameingia NFL muongezee maksi.

Na waliocheza 2020 walipewa mwaka wa ziada sababu ya korona, wengine wakabaki chuo mpaka miaka 23, 24. Tarehe ya kuzaliwa itafute kwanza, yadi baadaye.