SOMO: Jinsi ya kuandika tangazo la mtaa au kijiji likaeleweka bila watu kurudi kuuliza

Habari zenu wakuu. Nimekaa ofisi za kata miaka mingi, na kilichonichosha kuliko vikao vyote ni kuwajibu watu waliokwisha kusoma tangazo letu: "Samahani, hapa mnasemaje?" Nilikuwa nawaona wao ndio wazito wa kuelewa. Siku moja nikatoka nje nikalisoma tangazo langu mwenyewe pale ubaoni, jua la saa saba utosini. Sikulimaliza.

Lilikuwa hivi, enzi zile maombi yakiletwa kwa karatasi:

"YAH: UWASILISHAJI WA MAANDIKO YA MIRADI. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Ofisi inapenda kuwatangazia kuwa, katika kutekeleza utoaji wa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, vikundi husika vyenye sifa stahiki vinatakiwa kuwasilisha maandiko yakiambatana na viambata vyote ndani ya muda uliopangwa. Atakayechelewa asiilaumu ofisi."

Siku gani? Wapi? Viambata gani? Havimo. Onyo ndilo halikusahaulika.

Hatua ya 1: Anza na msomaji na anachotakiwa kufanya

"Rejea kichwa cha habari" ni maneno ya barua, ofisi kwa ofisi. Mama aliyesimama ubaoni na ndoo ya maji hana cha kurejea. Nililiandika upya:

"MKOPO USIO NA RIBA KWA VIKUNDI. Kama mna kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, leteni maombi ofisi ya kata kabla ya Ijumaa, 14 Juni 2019, saa 9 alasiri. Mje na katiba ya kikundi, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kuomba mkopo, na maelezo ya biashara yenu pamoja na hesabu zake. Fomu ni bure. Mkikwama, muoneni afisa maendeleo ya jamii, asubuhi."

Ile asilimia kumi nimeitoa. Ni sheria, halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake kwa mikopo hii, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ila nafasi yake ni mkutanoni. Ukiiweka juu ya tangazo, kuna atakayedhani ndiyo riba.

Hatua ya 2: Saa na tarehe

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Tulituma ujumbe wa simu: "Mkutano Jumamosi 8:00." Nusu ya watu wakasoma kama simu inavyosoma, wakafika saa mbili asubuhi, wakakuta viti vimepangwa na mwenyekiti hayupo. Wakaondoka. Waliosoma saa nane mchana wakaja wakaambiwa akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano ufanyike, haijatimia. Kumbe siku nzima akidi ilikuwepo, ila kwa mafungu mawili.

Andika "saa 8 mchana". Nukta mbili na sifuri zake waachie wenye ratiba za ndege. Na usiandike "Ijumaa ijayo". Karatasi hukaa ubaoni hata mwezi mzima, na kila wiki ina Ijumaa ijayo yake.

Hatua ya 3: Maneno ya ofisini

"Husika", "tajwa", "stahiki" futa tu, sentensi haitaanguka. "Bakaa" sema fedha iliyobaki. "Zoezi la uandikishaji" ni kuandikisha. "Forsi akaunti" ieleze: hatumpi mkandarasi kazi, tunanunua vifaa wenyewe na kuwaita mafundi wa hapa hapa. Niliwahi kuitaja nikisoma mapato na matumizi, mzee mmoja akasimama: "Sasa hiyo forsi, mtatulazimisha na sisi?" Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kubandika

Mpe mlinzi au kijana wa bodaboda asome. Usimuulize "umeelewa?" maana atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize, "Kesho utafanya nini?"

MASWALI YA WANACHAMA

Mtendaji wa kijiji, Mvomero: Shikamoo. Bosi wangu anasema tangazo la namna hii ni la kitoto, halina hadhi ya serikali.

*Jibu:* Marahaba. Nembo iache juu, muhuri na sahihi chini. Hadhi imo humo. Mwambie ahesabu wanaokuja kuuliza wiki hii, kisha wiki ijayo.

Afisa afya, Tanga: Na sheria ndogo za usafi? Naruhusiwa kuzirahisisha?

*Jibu:* Mkuu, hapo twende taratibu. Sheria ndogo yenyewe usiiguse hata nukta, kwa sababu mahakamani itasomwa hiyo, si karatasi yako. Andika maelezo pembeni na utaje namba ya kifungu. Na usichanganye ada na faini kwa kutafuta wepesi. Ada ya taka hulipa kila kaya. Faini hulipa aliyekosa. Ukiandika "faini ya taka 2,000 kwa mwezi" utakuwa umewatia hatiani watu wote wa mtaa.

Msomaji, Kilifi: Huku Kenya tangazo la kutuita tutoe maoni ya bajeti ya kaunti laja kwa Kiingereza, tena siku mbili kabla.

*Jibu:* Ibara ya 7 ya Katiba yenu ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Andikieni ofisi ya wadi mkiitaja. Hizo siku mbili ni malalamiko mengine. Yaandikieni barua yake.

Mwenyekiti wa mtaa, Mwanza: Wengi wangu hawasomi ubao. Natumia kipaza sauti na msikiti na kanisa.

*Jibu:* Basi lisome kwa sauti kabla hujalitoa. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, ikate hapo. Siku na saa zitaje mara mbili, mwanzo na mwisho, kwa sababu wengine watatoka jikoni ukiwa umeshafika katikati.