Kabla hujaanza kufanya mitihani ya mazoezi ya IELTS

Kwanza hakikisha unafanyia mazoezi mtihani utakaoukalia kweli. IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, iko ya aina mbili, Academic (ya masomo) na General Training (ya jumla). Kusikiliza na kuzungumza ni kulekule, ila kusoma na kuandika vinatofautiana, kwa hiyo waulize wanaokudai cheti wanataka ipi. Ujue pia kama utafanya kwa karatasi au kwa kompyuta. Kwenye karatasi hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu ya kusikiliza; kwenye kompyuta hupati muda huo, ni dakika 2 tu za kuyapitia.

Mitihani ya mazoezi iliyo mizuri si mingi, basi usiimalize wiki ya kwanza. Ukishayajua majibu, mtihani huo hauwezi kukupima tena.

Siku ya kuufanya weka simu mbali na saa mbele yako. Sauti isikike mara moja tu, maana siku yenyewe hairudiwi. Kusoma ni maswali 40 kwa dakika 60, na majibu yote yawe yameshaingia mahali pake muda unapokwisha.

Sasa lililo kubwa. Wengi wanasahihisha, wanaangalia alama, wanafungua mtihani mwingine. Hapo ndipo jasho lao linapopotelea, na inaniuma kwa sababu ni watu wenye bidii. Kila jibu ulilokosa lirudie kwenye kifungu mpaka uone sababu. Tuseme kifungu kinaeleza kuwa kiwanda kilifunguliwa mwaka 1950, na swali linadai kilikuwa cha kwanza nchini. Unatakiwa kuchagua True (kweli), False (si kweli) au Not Given (haikutajwa). Ukaandika True kwa kuwa inaelekea kuwa hivyo. Kifungu hakikugusa habari ya kuwa cha kwanza, basi jibu ni Not Given. Au umeambiwa usizidishe maneno mawili, jibu ni “city bus”, wewe ukaandika “the city bus”: umekosa, ingawa ulisikia vizuri kabisa. Andika daftarini ulichojibu, jibu sahihi na sababu. Ukifika mtihani wa tatu utaona kosa lilelile linajirudia, na hilo ndilo la kushughulikia kabla ya kufungua wa nne.

Insha huwezi kujisahihisha peke yako. Tafuta anayekijua Kiingereza vizuri na vigezo vya usahihishaji. Kuandika kuna kazi mbili: ya pili, insha ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya maneno yasiyopungua 150, kwa hiyo itengee dakika 40 kati ya 60. Kwa kuzungumza, jipe dakika 1 ya kujiandaa, ongea dakika 2 ukijirekodi, kisha sikiliza ulikokwama. Majibu ya kukariri msahihishaji huyatambua.

Tarehe ya mtihani, kama hubanwi na muda, ilipie baada ya kufikisha alama unayoihitaji mara mbili mfululizo, kwa mitihani ambayo hukuwahi kuiona.